Bilauri Yenye Kisigino

Mexicali, 4 Machi 1972

Bibi yangu mpenzi, shikamoo.

Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Fresno? Sisi wazima, ila Mama anakohoa kidogo.

Shule nimemaliza. Sasa nafanya kazi kwa Don Hilario, anayeuza vyombo vya baa za miaka ile pombe ilipopigwa marufuku ng'ambo, Wamarekani wakawa wanavuka mpaka kuja kunywa kwetu. Mimi naosha vyombo na kuviandikia kadi. Mteja akiingia najificha nyuma ya kabati.

Mama amenipa lile sanduku lako nilipeleke dukani. Ndani mna bilauri sita zenye nge wa buluu, alama ya ukumbi wa El Alacrán ulikokuwa ukishona. Tano ni nzuri. Ya sita kwa nje ni pacha wao, ila kitako chake kinene kama kisigino cha kiatu, haichukui hata mafunda mawili. Nikaandika: "Mbovu. Kosa la kiwandani."

Don Hilario alicheka mpaka akakaa chini. "Mbovu ni wewe, binti! Hiyo ni ya mwanamke aliyeajiriwa kukaa na wateja. Mlevi analipia wiski, bibie anakunywa chai baridi ya rangi ileile, tena kidogo!"

Nikamwambia bibi yangu alikuwa fundi cherehani. Kwa sauti, Bibi! Mimi!

Kabla ya Pasaka anakuja mnunuzi wa makumbusho, anataka historia ya kila chombo. Hiyo bilauri ilikuwa ya nani?

Mjukuu wako,
Nereida

Fresno, 15 Machi

Nereida, marahaba. Goti halijambo. Mama yako anywe asali na limau.

Bilauri hiyo itupe. Usiandike kitu.

Bibi yako

Mexicali, 22 Machi

Shikamoo Bibi. Kikohozi cha Mama kimepungua.

Sijaitupa, nisamehe. Nimeificha ndani ya soksi. Barua yako ilikuwa fupi, nikajua nimekuumiza. Sitauliza tena. Ila kama unaogopa kwamba nikijua nitakuona mwingine, hujanijua bado.

Mjukuu wako,
Nereida

Fresno, 29 Aprili

Mjukuu wangu, marahaba. Nimekaa na barua yako zaidi ya mwezi, naisoma nikiwa peke yangu jikoni.

Ilikuwa yangu. Babu yako aliugua mapafu, mama yako alikuwa bado ananyonya, na cherehani sikuwa nayo. Nilikunywa chai baridi bilauri ishirini kwa jioni moja, na kila moja lazima nikunje uso kama nimemeza moto. Kukohoa ndio uliokuwa ustadi. Nilikohoa vizuri kuliko wote. Wenzangu wakaniita Malkia wa Kifua. Hakuna aliyenigusa zaidi ya mkono. Babu yako alijua. Mama yako hajui, naye nimemlea akiwacheka wanawake wa aina hiyo nami nikinyamaza.

Usimwambie.

Bibi yako

Mexicali, 8 Mei

Shikamoo Malkia wa Kifua.

Mnunuzi alishakuja. Akauliza, "Seti ni sita, ya sita iko wapi?" Nikatoka nyuma ya kabati nikasema zilikuwa tano. Don Hilario alinikodolea macho. Mnunuzi alipoondoka, mzee akasema, "Miezi miwili bubu, leo umefungua mdomo kunitia hasara!" Kisha akanipa chungwa.

Mama sijamwambia. Lakini Bibi, kila siku nakula naye meza moja, na chai ile ndiyo iliyomlisha. Mimi sina haki ya kulisema hili, wala sitaki kulificha mpaka nizeeke. Njoo umwambie mwenyewe. Nitakaa katikati yenu. Mkilia nitaleta leso, mkigombana nitaosha vyombo.

Mjukuu wako,
Nereida

Fresno, 16 Mei

Nereida, marahaba.

Nafika Alhamisi tarehe 25 kwa basi la asubuhi. Mama yako asihangaike kupika.

Na usikae katikati. Kaa upande wangu.

Bibi yako