Ukungu Kwenye Karavani Yako

Strand,
Alhamisi, Mei 7, 1992.

Kwako Boeta Toyer, kaka yangu,

Assalaam alaikum. Hali yako? Kile kikohozi ulichoniandikia kimekuachia, au baridi ya Toronto bado inakutesa? Wifi yangu hajambo? Na watoto, bado wanakula kwa mkono, au wameshakuwa Wakanada kabisa? Sisi huku tuwazima, tunamshukuru Mungu. Idi tuliila vizuri. Baba magoti yanamsumbua lakini mdomo haumsumbui hata kidogo: Jumapili alinikaripia kwamba maandazi yangu ya koesista ni magumu, kisha akala saba. Mvua za kwanza zimeanza, na kila kitu ndani ya nyumba kimeshakuwa na unyevu, hata chumvi haitoki kwenye kopo.

Barua hii ni ndefu, basi kaa chini. Na nakuomba uisome peke yako kabla ya kumsomea wifi. Inahusu karavani yako.

Ulipohama ulimkabidhi mume wangu Gasant ile karavani, nyumba yako ya kuvutwa na gari, na kwa kuwa ua wetu hautoshi hata kwa baiskeli mbili, akaomba kuiweka kwa Mareldia, mjane wa marehemu Ebrahim, mtaa wa nyuma. Unamkumbuka Mareldia, yule mrefu mwenye kicheko kinachosikika mpaka msikitini. Tangu hapo, kila Jumamosi mume wangu akimaliza kunywa chai anavaa suruali yake ya kazi na kwenda kuipa karavani hewa. Mwenyewe husema hapa petu, karibu na bahari, karavani iliyofungwa inatoka jasho kama mtu, na jasho likikaa linazaa ukungu. Kwa hiyo kidirisha cha paani lazima kiwe wazi kidogo majira yote ya baridi, na matundu ya chini yasizibwe. Magodoro yasimamishwe kwa ubavu. Milango ya makabati ifungwe kamba isijifunge yenyewe. Chini ya kitanda ziwekwe bakuli za chumvi ya mawe, na chumvi ikishalowa imwagwe iwekwe nyingine. Na lile hema la ubavuni lisikunjwe likiwa na unyevu hata wa tone moja. Hayo yote nayajua kwa moyo, maana niliyasikia mezani miaka saba, ingawa hakuna siku niliyoambiwa twende wote.

Nitakueleza wazi, Boeta, kwa sababu wewe umenijua tangu nikiwa nalilia mdoli wa binti wa jirani: nilikuwa na wivu. Mwanzo niliionea wivu karavani yenyewe. Mtu anaifuta kwa kitambaa laini, taratibu, mpaka kwenye pembe za madirisha, na mimi tangu harusi sijafutwa hata jasho. Jirani yangu Faldiela alikuwa akinitania, “Mke mwenza wako leo ameshaogeshwa?” Nami nilicheka naye, maana mke mwenza mwenye magurudumu hana madhara.

Halafu siku moja nilikuwa natoka dukani na mkate wa moto kwapani, nikapita nyuma ya ukuta wa Mareldia. Nikamsikia Gasant anacheka. Boeta, wewe unamjua Gasant. Nyumbani anakula, anasema alhamdulillah, anafungua gazeti. Kumbe kicheko anacho! Kicheko cha tumboni, cha mtu aliyeshiba raha. Na Mareldia alikuwa anamwambia, “Wewe bwana, hilo godoro unalibembeleza kama mgonjwa! Linyanyue, haliumi!” Ni hayo tu, wala hawakusema neno jingine baya wala zuri. Lakini nilisimama pale mpaka mkate ukapoa, na tangu siku ile sikuonja raha ya Jumamosi.

Nikawa nanusa mashati yake kabla ya kuyafua. Yalinuka siki na karafuu, kwa sababu Mareldia ndiye aliyemfundisha kufutia kuta kwa siki na kuweka karafuu makabatini. Nikamuuliza siku moja, “Hivi hiyo karavani inanyonyeshwa? Haikosi hata Jumamosi moja!” Akanijibu kwa upole wake ule unaochoma, “Washiela, nyumba isiyopumua inaoza.” Nikamwambia, “Na mke asiyepumua je?” Akavaa viatu akaenda zake.

Mwaka jana mwezi kama huu ndipo alipojaliwa kwenda kuhiji. Unajua mwenyewe hujaji wetu anavyopita nyumba kwa nyumba kabla ya safari, anaomba msamaha kwa kila aliyewahi kuishi naye, hata muuza samaki. Gasant alipita mitaa yote, kwa Mareldia akakaa muda mrefu kuliko kwa imamu, kisha mimi nikawa wa mwisho, jikoni. Akanishika mikono yote miwili akaniomba nimsamehe kwa yote aliyonikosea tangu tuoane. Nikasema nimekusamehe. Ni mdomo uliosema. Maana dakika chache kabla ya hapo alikuwa ameniambia kwamba ufunguo wa karavani amemwachia Mareldia. Nilipomuuliza kwa nini asiniachie mimi mkewe, alisema bila ubaya wowote, “Wewe karavani huipendi. Nikikuachia utaisahau.”

Yaliyofuata ulisimuliwa, lakini wacha nikukumbushe ulivyosimuliwa. Mwezi wa Juni Mareldia alikwenda Worcester kumuuguza binti yake aliyejifungua, akakaa huko mwezi mzima. Gasant aliporudi Julai, bado na kofia yake mpya kichwani, Jumamosi ya kwanza tu akaenda uani pale na Mareldia akiwa ndiyo kwanza amefika. Nami nilifuata nyuma. Alipofungua mlango, harufu ilitupiga tukarudi nyuma sote. Kidirisha cha paani kimefungwa kabisa. Magodoro yamelala, chini yake yamekuwa meusi. Ukungu umepanda kutani mpaka darini, madoa ya kijani na meusi, na viti vina manyoya kama paka. Hema lote lina madoa. Na mapazia, Boeta, yale aliyoshona Mama mwaka wake wa mwisho, yalipoguswa yalichanika kama karatasi iliyolowa.

Mareldia alishika mdomo. Akasema, “Nilifungua kila kitu kabla sijaondoka. Wallahi nilifungua.” Kisha akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa sauti ndogo, “Au nilisahau?”

Gasant hakumlaumu, lakini wewe ulimlaumu. Uliandika kwamba mwanamke asiyeweza kutunza amana asipokee ufunguo wa mtu. Gasant aliificha barua ile ndani ya kabati, Mareldia asije akaiona. Mimi niliitoa, nikaenda nayo mpaka kwake, nikamsomea, nikijifanya naona ni haki yake kujua. Nilisoma polepole. Alinishukuru, akanipa chai.

Habari ikaenea, maana sisi watu wa hapa tunajijua. Kwenye harusi, kwenye hitima, ukisikia kicheko kuna mtu amesema, “Ufunguo usimpe Mareldia!” Nikamwona mwenyewe anatoka nyumbani, anafika kona, anarudi kutazama kama amezima jiko. Anatoka tena, anarudi kutazama geti. Aliwaambia wanawake wa darasa letu la Alhamisi kwamba anahofia kichwa chake kinaanza kwenda kama cha marehemu mama yake, aliyesahau mpaka majina ya wanawe. Kile kicheko sikukisikia tena.

Ungedhani nilipata nilichotaka. Mimi nilitaka karavani ioze, ivutwe ipelekwe kuuzwa vyuma, na Jumamosi zirudi kwangu. Lakini Mareldia alikataa iondoke. Alisema imeharibikia kwake na itaponea kwake. Basi kuanzia Agosti mpaka Desemba wakawa wanaiponya, yeye na Gasant. Zamani mume wangu alikuwa akienda kwa saa moja tu. Sasa anaondoka asubuhi na kurudi Alasiri! Walitoa magodoro juani, yaliyoshindikana wakayatupa. Walijifunga vitambaa puani, wakalowesha ukungu kwanza kwa siki ndipo wakaufuta, kwa sababu ukiusugua mkavu unaruka na kuhamia kwingine. Mipira ya madirisha waliikwangua kwa mswaki. Hema walilipaka ndimu na chumvi, wakalitandaza juani, wakarudia, wakarudia, mpaka likawa na madoa ya mbali tu. Na mimi nipo nyumbani nakanda unga kwa hasira mpaka meza inatembea. Nilikuwa nimejitengenezea mwenyewe Jumamosi ndefu kuliko zote.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Mwaka huu Mareldia naye amepata nafasi ya kuhiji, pamoja na kaka yake. Jumapili iliyopita, Baba akiwa ameshakula zile koesista zake saba na kurudi kwake, Mareldia alibisha hodi. Alikuwa amevaa nguo safi na ametembea tangu asubuhi akiomba msamaha. Nilimkaribisha, nikamwekea chai, Gasant akakunja gazeti. Mareldia akanigeukia mimi kwanza. Alisema, “Washiela, kwako nimeona haya kuja. Najua Jumamosi nyingi nimemshikilia mumeo kwenye ule ua, na najua kwamba uzembe wangu ndio ulioharibu mapazia ya marehemu mama yako. Naomba unisamehe, nisiende kwa Mungu na deni la mama yako.”

Boeta, alikuwa analia. Na mimi nilijikaza, nikafungua mdomo niseme nimekusamehe, kama nilivyomwambia Gasant mwaka uliotangulia, na maneno yakakataa kutoka. Yakatoka mengine.

Ni mimi. Siku ya pili baada ya yeye kwenda Worcester nilichukua ufunguo wa akiba katika droo ya soksi za Gasant. Nikaingia karavani yako mchana kweupe. Kila kitu alikuwa amekiacha sawasawa, kidirisha wazi, magodoro yamesimama, chumvi nyeupe kavu. Nikafunga kidirisha. Nikaziba matundu kwa matambara. Nikalaza magodoro, nikafungua kamba za makabati na kuyafunga. Chumvi nikaimwaga. Hema nikalitoa kwenye manyunyu mpaka likalowa, nikalikunja, nikalisukuma chini ya kitanda. Kwa miaka saba nilisikia mezani jinsi ya kuzuia ukungu, basi nikafanya yote kinyume, sikukosea hata moja. Yale matambara nilirudi kuyatoa siku moja kabla Gasant hajafika. Ukungu ulikuwa umeshaenea kwenye mapazia ya Mama, niliuona, na bado nikafunga mlango.

Nilitaka Gasant aone kwamba Mareldia ndiye anayesahau, si mimi. Nilipata nilichotaka mpaka mwenyewe akaamini.

Nilipomaliza kusema hayo, Mareldia alifuta machozi kwa ncha ya skafu yake, akakiweka kikombe mezani bila kunywa. Hakupiga kelele. Akasema, “Nimekuja kuomba msamaha, sikuja na wa kutoa. Ngoja nikautafute nyumbani kama upo.” Akaondoka. Gasant alichukua kofia yake akaenda msikitini, akarudi, akala, akasema alhamdulillah. Nilidhani atanigombeza, na ningeshukuru. Alisema tu, “Mapazia ya mama yako, Washiela,” kisha akafungua gazeti, lakini hakugeuza ukurasa.

Jana mchana Mareldia alisimama getini, hakutaka kuingia. Alisema amenisamehe, kwa sababu hawezi kupanda ndege amebeba mzigo wangu, na nisidhani ni kwa kuwa mimi ni mtamu. Akasema siku tatu hizi ametoka nyumbani bila kurudi kutazama jiko. Halafu akanitia kitu mkononi. Ulikuwa ufunguo wa karavani, na kamba yake ile nyekundu. “Kidirisha cha paani kinakwama,” akaniambia. “Kipige kwa kiganja upande wa kushoto. Na chumvi utie ya mawe, si ya mezani.” Akanipa kisogo, na nilisikia amecheka kidogo, sijui na nani, labda peke yake.

Kwa hiyo, Boeta, nakuomba mambo mawili. La kwanza, umwandikie Mareldia kwa mkono wako, umwombe radhi kwa yale maneno, barua aikute atakaporudi. Mwambie ni mimi niliyekupotosha, usinistiri. La pili, usiache kuja Desemba. Karavani inalalika. Hema lina madoa lakini halivuji. Mapazia nashona mengine, mshono si kama wa Mama, utayavumilia. Ukitaka kunigombeza, nigombeze ukifika, mbele ya Baba, nimeshajiandaa.

Baba anakusalimu, anasema utume picha za watoto. Faldiela anakusalimu, bado hajui chochote na naomba iwe hivyo. Gasant anakusalimu; jana ndiyo kwanza amenisemesha zaidi ya neno moja. Mareldia anapanda ndege kesho, na Jumamosi nitakwenda mimi kufungua kidirisha. Gasant amesema atanisindikiza, maana sijui kinavyokwama. Nimemwambia abaki nyumbani. Najua Mareldia atakuwa Makka, lakini ule ua bado siuamini.

Dada yako asiyestahili,

Washiela