Mafua Nisiyokuwa Nayo

Nainokanoka, Ngorongoro
Jumatano, 11 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Angelina,

Shikamoo Shangazi. Habari za Songea, habari za magoti, habari za kuku wako? Natumaini dawa za presha unameza kila siku, si siku ile tu unapokumbuka. Sisi hatujambo. Mjukuu wako Nasha ametimiza miezi miwili juzi, ananyonya kama ana ugomvi na mtu. Mume wangu Lembris yuko Karatu. Msimu wa watalii umeanza na gari halimpi nafasi ya kupanda huku.

Najua unashangaa kupata barua badala ya simu. Mtandao hapa mpaka upande kilimani nyuma ya mazizi, na leo ni siku ya nne sijavuka mlango. Nimefungwa, Shangazi, na aliyenifunga ni mimi mwenyewe.

Baridi ya mwaka huu imekuja na mafua makali. Ukungu hauondoki mpaka saa sita mchana, na kila boma unalopita unasikia watu wanakohoa. Kwa hiyo zahanati ilipoletewa chanjo ya mafua, kazi ya kuwashawishi watu iliniangukia mimi, mhudumu wa afya wa jamii. Nilichanjwa wa kwanza, mbele ya watu wote, ili waone. Wazee walinitazama, wakarudi kwa ng'ombe wao.

Ndipo mdomo wangu, unaoujua, ukatunga sheria: asiyechanjwa hambebi Nasha. Nasha hajafika miezi sita, hawezi kuchanjwa. Kinga yake ni watu wanaomzunguka. Nilisema kwa utani, lakini Yeyo Sinyati, mama mkwe wangu, aliitembeza sheria hiyo boma hadi boma.

Sasa huku mtoto hajakamilika mpaka babu yake amtemee mate kidogo kwenye paji la uso. Ndiyo baraka yenyewe. Baba mkwe wangu, Mzee Sironka, alikuwa malishoni Piyaya na ng'ombe tangu kabla Nasha hajazaliwa. Aliporudi aliisikia sheria yangu. Alhamisi iliyopita alifika zahanati, akashusha shuka begani, akachanjwa. Rika lake zima likamfuata. Naserian, muuguzi wetu, alimaliza sanduku lote siku ile.

Nilifurahi mpaka nikajisahau. Naserian aliwaambia kwamba kinga inachukua kama wiki mbili kujijenga, lakini nani alimsikiliza? Chanjo wao wanaijua kwa ng'ombe: anachomwa, anaachiwa akale majani. Jumapili asubuhi mzee akaja na shuka jipya kumbariki mjukuu wake. Na anakohoa. Kikohozi cha kifuani, Shangazi, ambacho wewe ungekisikia ukiwa wodi nyingine.

Ningemwambia nini? Mkamwana hambishii baba mkwe, hata kumtazama usoni si adabu. Tena alikuwa ametimiza sharti langu, watu wakishuhudia. Nikakimbilia ndani na mtoto, nikapiga chafya za nguvu, nikamwambia Yeyo kupitia mlangoni kwamba mafua yamenipata, nisije nikamwambukiza mzee. Nilijiona mjanja sana.

Tangu hapo niko ndani na mafua nisiyokuwa nayo. Nikisikia hatua za mtu nakohoa, Nasha anashtuka, analia. Yeyo ananiletea supu ya mbuzi yenye mizizi michungu mpaka ulimi umekufa ganzi, na haondoki hadi asikie nimeimaliza. Dirisha halizidi ukubwa wa sinia. Kila asubuhi mzee anasimama uwanjani, anauliza kama mkamwana amepata nafuu, anakohoa, anaondoka. Nikitoka, atamtaka mtoto. Nisipotoka, nitarukwa na akili.

Lakini hilo si baya zaidi. Jana Naserian alikuja dirishani akiwa amenuna. Ijumaa linakuja sanduku la pili, na watu wamekataa. Wanasema, mtazameni Cresensia, alichomwa wa kwanza na sasa ndiye mgonjwa. Sindano ndiyo inayoleta mafua. Wajawazito wawili wamefuta majina yao. Sikuliwaza hilo hata kidogo! Nikisema kweli, namwaibisha mzee mbele ya rika lake. Nikinyamaza, hawa watu watakutwa na baridi bila kinga, kwa uongo wangu. Wewe uliyechanja watu miaka thelathini, ungefanyaje? Nakuuliza nikijua jibu lako halitafika kabla ya Ijumaa.

Jumapili, 15 Juni

Barua haikupata wa kuipeleka posta Karatu, kwa hiyo naendelea.

Ijumaa nilitoka. Nilimfunga Nasha mgongoni, nikaenda zahanati. Watu walinipisha kwa mbali. Nikasema sijaumwa hata siku moja, sindano haikunifanya kitu, nilidanganya kwa sababu nilimsikia mkubwa wangu anakohoa nikakosa ujasiri wa kumwomba asubiri. Sikumtaja, lakini nani hakujua? Yeyo aliinamisha kichwa. Mzee Sironka, aliyekuwa benchi la mbele, aliinuka akaondoka, na wenzake wakaondoka naye. Wajawazito wale wawili walichanjwa, na wengine wachache. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na uhakika kwamba nimeharibu chanjo na ndoa kwa siku moja.

Jioni Yeyo akaja na ujumbe wa mzee. Nakuandikia kama alivyousema: "Mzee anasema hivi. Mwambie mama Nasha, ng'ombe wangu akikohoa mimi namtoa zizini siku ile ile, hata kama ni dume la mbegu. Angeniambia tu, mimi ningejitoa."

Nimekaa na maneno hayo siku mbili, Shangazi. Mwaka mzima nazunguka kuwafundisha kujitenga watu wanaotenga ng'ombe wagonjwa tangu enzi za mababu zao. Nilikuwa najiambia namheshimu mzee. Sikumheshimu, nilimdharau. Nilidhani hataelewa. Naona aibu.

Sasa amehamia kwenye kibanda cha ndama, peke yake. Chakula anataka kiwekwe mbali, na Yeyo mwenyewe haruhusiwi kuingia. Amepandwa na homa, nayo haijashuka. Naserian anatafuta gari la kumpeleka hospitali Endulen, maana kwa umri ule mafua si jambo la kuchezea. Nasha ni mzima kabisa. Mzee amesema hatamgusa mpaka nimwite mimi mwenyewe, ilhali anajua kwamba huku mkamwana hamwiti baba mkwe.

Msalimie Kaka Martini, na Penina na wanawe. Lembris anakuamkia. Mungu akulinde na baridi ya huko, na akupe usingizi mzuri. Na niombee jambo moja tu, kikohozi cha mzee kiishe. Kikiisha nitasimama katikati ya boma nimwite kwa sauti, wote wasikie, aje ambariki mtoto.

Wako mwanao akupendaye, pamoja na mdomo wake,

Cresensia, Mama Nasha