Ndovu wa Hatua ya Pili

Nyambu,

Tangu tukuzike nimeendelea kubishana nawe. Nabishana nikiosha vyombo, nikienda sokoni, hata kanisani. Kwa kuwa hunijibu, nashinda kila mara, halafu nikifika nyumbani sijui kama kweli nimeshinda. Ndiyo maana naandika.

Ni ule ugomvi wetu wa ndovu.

Watu bado wanacheza gemu yetu ya simu, ile tuliyoitengeneza wawili. Hatua ya kwanza wanaipenda: yule mama anashuka mlimani na mtungi wake, anaruka mawe, anafika shambani. Picha zangu wanazisifu. Hatua ya pili ndovu anasimama njiani, na hapo karibu wote wanakwama. Wanamkimbiza mama kushoto, kulia, wanabonyeza kila kitu, na kila wakibonyeza ndovu anawafuata na kuwakanyaga. Hawawazi kuondoa vidole kwenye simu na kungoja mnyama apite. Wanaandika, "Gemu imeharibika." Mwingine aliandika, "Aliyetengeneza hii anatuchukia." Hiyo niliisoma wiki ile ile ya mazishi.

Nakumbuka tukiwa kwenye chumba chetu nyuma ya duka la simu hapa Voi, feni imekufa, mimi nikikusihi tuweke hata maneno mawili ya kuwasaidia. Ukacheka. "Mghoi, ukikutana na ndovu njiani, kuna kibao kinakuambia usimame? Mtu atulie, atazame." Nikakuambia mtu mwenye simu mkononi amezoea kubonyeza, si kutulia. Kama watu wote wanaukosa mlango mmoja, basi fundi ndiye aliyekosea. Ukasema wachezaji wa siku hizi hawana subira. Hatukumaliza. Ile homa ikakushika, na hospitalini hatukutaja gemu hata kidogo.

Baadaye nikaenda Bura kumwona mama yako. Aliniomba nimwekee "ile kazi ya Nyambu" kwenye simu yake. Tulikaa jikoni. Hatua ya kwanza aliivuka kwa shida, akapiga makofi. Kisha ndovu. Akakanyagwa. Akajaribu tena, akakanyagwa tena. Nilipotaka kumwonyesha alinizuia kwa mkono. Mwishowe akailaza simu mapajani akasema, "Mimi ndiye mjinga. Mwanangu alikuwa na akili nyingi. Hata alipokuwa hai sikuweza kumfuata."

Nyambu, nilikukasirikia. Kaburi lako lilikuwa pale pale nje, udongo bado mbichi, na mimi nilitamani kutoka nikakugombeze.

Niliporudi Voi nikafungua programu, nikaweka maneno juu ya kichwa cha ndovu: "Tulia. Usiguse kitu." Sasa watu wanapita. Malalamiko yamekwisha. Lakini kuna msichana mmoja aliyekuwa amevuka mwenyewe kabla ya maneno hayo, akaniandikia: "Siku ile nilishika pumzi. Sasa dada yangu amepita hata bila kumtazama ndovu." Sijui nimetengeneza au nimebomoa.

Nilipopanda tena Bura kumbadilishia mama gemu, akakataa. "Niachie hiyo aliyoiacha yeye."

Jumapili iliyopita akanipigia, anaongea haraka haraka. Alikuwa akicheza, akakanyagwa, akaanza upya. Ndovu alipotokea machozi yakamjia, akaiweka simu kwenye kigoda ajifute uso kwa leso. Alipoitazama tena, ndovu alikuwa ameenda zake na njia iko wazi.

"Mghoi, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mama."

"Basi nimepitaje?"

Nikamweleza. Kisha akauliza, "Kwa hivyo alitaka nikae tu?" Na akacheka, Nyambu. Kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu uondoke.

Ulitaka hivyo kweli? Au ulisahau tu kwamba njia iliyokuwa kichwani mwako wengine hawaioni? Kama ni ufundi wako, mbona ilibidi alie kwanza, ajiite mjinga? Na kama ni kosa lako, kile kicheko kimetoka wapi? Nageuza upande huu, nageuza ule. Zamani ningekuja nikugongee mlango tubishane hadi chai ipoe. Sasa naandika, nafuta, na bado sielewi ni nani kati yetu aliyekuwa sawa.

Pumzika, rafiki yangu. Maneno yale nitayaacha kwa wachezaji wengine, na simu ya mama sitaigusa. Nakuahidi jambo moja: sitamwacha ajiite mjinga tena nikiwa nimekaa tu kimya. Jumamosi nakwenda kushinda naye. Amekwama hatua ya tatu, pale mtoni, anazunguka tu haoni pa kuvukia.

Na ule mto niliubuni mimi, si wewe.

Mghoi