Buli la Mama Akber na Pua Yangu

Kijiji cha Ujamaa Sindeni,
Handeni.
4 Agosti, 1976.

Mpendwa kaka yangu Mhina,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, shemeji Zamda na watoto wote hapo Tabora. Je, kile kifua cha shemeji kimepoa? Na mgongo wako unaendeleaje na vyuma vya reli? Sisi huku hatujambo. Mke wangu Chausiku ni mzima, watoto wazima, na mama yetu mzima pia, ila macho ndiyo yale yale, anaona vivuli tu na fimbo haimtoki mkononi. Ulimi lakini umo, na anakula kuliko mimi.

Mahindi ya shamba la kijiji tumevuna, si haba, ingawa nguruwe walifanya yao upande wa bondeni. Nyumba nimeiezeka upya. Ukija utapotea, maana huku tulikohamishiwa zote zimepangwa mstari mmoja na zinafanana.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Pua yangu unaijua. Kazi ya mkonge kule Korogwe niliiacha, lakini lile vumbi la chumba cha brashi, nyuzi zinaposuguliwa, halikuniacha mimi, likanifuata mpaka nyumbani. Mafua ya kila siku, uso unauma hapa chini ya macho kama mtu kanipiga ngumi, na kukoroma mpaka Chausiku akahamia kulala na watoto. Dawa za hospitali zilinipa nafuu ya siku chache, kujifukiza kwa majani vile vile. Hayo yote ningeyavumilia. Lililoniuma ni sauti.

Adhana ulinifundisha wewe, kaka, na ulipoondoka ukaniachia mimi. Pua ikiziba inatoka king'ong'o. Ramadhani iliyopita watu wa nyumba za mwisho walikaa na uji wao mpaka ukapoa, hawajui wafuturu au wangoje. Mmoja akaniambia usoni kwamba kunisikia alinisikia, ila alidhani ni mbuzi wa jirani kanaswa uani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka nao, lakini nilipofika nyumbani sikula.

Baada ya Maulidi wazee wa msikiti wakaniita. Wakasema kwa upole kwamba kama mpaka mwandamo wa Ramadhani sauti haijarudi, adhana ataichukua Semboja. Semboja! Yule ambaye akipiga chafya tu anageuka kutazama nani kamsikia. Nilikasirika, kaka, sikufichi. Kazi nyingine yoyote wangeichukua nisingesema neno, lakini hii uliniachia wewe.

Siku hizo hizo nikaenda Manundu, pale Korogwe mjini, kununua mafuta ya taa, nikaingia dukani kwa Gulamabbas, palepale uliponunulia kanzu yako ya harusi. Mkewe, Mama Akber, kunisikia tu naomba mafuta akaacha kupima sukari. Akaniambia kwao mafua sugu ya namna hii huoshwa kwa maji ya chumvi, yaingie tundu hili yatokee lile. Nikamjibu kwa jeuri kidogo kwamba mimi ni Mwislamu kama yeye, napandisha maji puani kila ninapotawadha, na yangekuwa yanaponya ningepona zamani. Akacheka. "Muhidini, hapo unalowesha kizingiti tu. Ndani hujafagia." Kisha akaniletea buli dogo la kauri, limepoteza kifuniko lakini mdomo wake mwembamba, akakataa katakata kulipwa. Akanieleza kwamba maji yachemshwe kwanza, yapoe yabaki vuguvugu, na chumvi iwe ya kuonja kama machozi, isizidi.

Sasa mimi na ujuaji wangu! Nilipofika nyumbani nikajiambia chumvi nyingi ndiyo dawa kali. Nikatia kama natia kwenye samaki wa kukausha. Tena nikainua kichwa juu kama kuku anywaye maji, nikamimina. Masalale! Moto ulinipanda mpaka utosini, maji yakashuka kooni, nikakohoa machozi yananitoka. Chausiku alikaa chini kabisa, khanga mdomoni, anacheka. Mama huko ndani anauliza ni nani anachinjwa.

Lile buli ningelitupa jalalani. Chausiku ndiye aliyeniokoa. Akachemsha maji mengine, yakapoa, akayaonja mwenyewe, akaniinamisha juu ya beseni, kichwa upande, mdomo wazi nipumulie hapo. Maji yakaingia kulia, yakasitasita, halafu yakatoka kushoto pamoja na mambo ambayo sitakuandikia, maana pengine unasoma barua hii ukiwa unakula. Nilidhani mkonge wote wa Korogwe unatoka.

Tangu hapo ni asubuhi na jioni. Haikuwa muujiza. Pua ilifunguka ikaziba tena, nami nikakata tamaa, Chausiku akanishikia beseni kwa nguvu. Haba na haba, maumivu ya uso yakapungua. Siku moja nikasikia harufu ya vitunguu vinakaangwa kwa jirani, nikasimama njiani kama mjinga nikivuta pumzi. Mke wangu amerudi kulala kwangu, na sasa analalamika kwamba kimya kinamnyima usingizi. Hana jema huyu! Mwalimu wa chuo cha Kurani naye kaniambia mwezi wa kufunga nioshe baada ya futari na kabla ya alfajiri, funga yangu isiingie shaka.

Juzi Jumatatu niliadhini magharibi. Hata kabla sijafika katikati nilijua. Sauti ilitoka kifuani ikapita, haikukwama mahali. Watu wa nyumba za mwisho walikuja msikitini mapema kuliko wa karibu. Semboja mwenyewe alinipa mkono, nikamwonea huruma kidogo, kidogo tu. Wazee wakasema maneno yamekwisha, adhana ni yako. Kaka, nilifurahi kama siku ya ndoa yangu.

Kurudi nyumbani nikamkuta mama amesimama mlangoni bila fimbo. Ameshatandika mkeka mpya, Chausiku kaamrishwa abandike maji ya kuoga, na jogoo wetu mwekundu kamshika mwenyewe kwapani. Akaniuliza, "Mhina yuko wapi? Kaja na treni gani?" Alisikia sauti yangu akadhani ni yako. Miaka yote nilipoadhini kwa king'ong'o alijua ni mimi. Siku nilipoadhini sawasawa, kama ulivyonifundisha, akajua umerudi.

Nilimshika mkono nikamwambia ni mimi, Muhidini. Nilidhani atalia, kumbe mwenye machozi ni mimi. Kisha akamwachia jogoo, akasema, "Haya. Kama sauti yako sasa inafika mbali, mwite mwenzio."

Basi nakuita, kaka. Omba likizo, njoo ufuturu nasi hata siku chache. Jogoo bado anatembea uani, mama hataki mtu amguse.

Chausiku anakuamkia. Mfikishie salamu shemeji Zamda, na wanao wote uwapake mafuta kichwani kwa niaba ya bibi yao. Mungu akufungulie njia kama alivyonifungulia mimi pua, akufikishe mlangoni kwa mama ungali mzima naye angali mzima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Muhidini