Gauni la Bluu Ulilonichagulia

Wifi yangu Rehema,

Nimefika Karema salama, ila mwili wote unawasha.

Tulipotoka Mpanda, mama mmoja wa Kisukuma niliyekaa naye garini alilikazia macho gauni langu. "Funika hiyo bluu, dada. Mbung'o wanaipenda." Akanipa kitenge chake cha rangi ya udongo. Nikajua huyu analionea wivu gauni langu, nikakataa. Tulipofika porini mbung'o wakaingia dirishani, wakawaruka abiria wote, wakanivamia mimi tu.

Sasa nawaza. Wewe ulifundisha Sibwesa, huku huku kwenye mbung'o, miaka mitatu, na ndiye uliyenisisitizia nisafiri na gauni hili. Kweli hukujua?

Nakupenda, nakuletea migebuka mikavu, samaki wa huku ziwani. Mwakani tuje wote, na gauni ulivae wewe.

Wifi yako,
Neema