Mchi wa Marehemu Bi Tunu

Jumapili, 7 Septemba 2025

Injini imegoma tena. Injini! Kitu chenyewe kinaendeshwa kwa hewa tu, kinakaa kiganjani. Mzungu wa YouTube anaiwasha ya kwake kwa kupuliza na mdomo, huku anakunywa chai. Mimi nimepuliza mpaka masikio yakaziba. Pistoni ya alumini imeng'ang'ania ndani ya silinda kama bosi aliyefika umri wa kustaafu. Nawajua — miaka ishirini na sita niko masjala.

Hashiru, fundi wa kukereza vyuma hapa mtaani Picha ya Ndege, kanicheka. Mzee Khalfani, alumini kwa alumini zinalana. Leta shaba nene nikukerezee silinda upya.

Shaba nene, Kibaha hii?

Jumatano, 10 Septemba

Nimeiona. Uvunguni, sanduku la mke wangu. Kinu kidogo cha shaba cha kutwangia iliki, cha marehemu mama yake, Bi Tunu. Kinu nimekiacha. Nimechukua mchi tu. Mzito, mnyoofu. Nani anatwanga siku hizi? Tuna blenda.

Hashiru kaupimapima mkononi, kauliza kama mama anajua. Nikamwambia aangalie mashine asije akakatwa vidole.

Jumapili, 14 Septemba

INAZUNGUKA! Nimeiunga na pampu ya baiskeli — tk-tk-tk-tk — gurudumu halionekani kwa kasi! Mke wangu, Sikudhani, katoka jikoni na unga mikononi, kapiga kigelegele. Miezi minne ananiita mzee wa skrepa, leo ni injinia. Kaigeuzageuza. Shaba inang'aa hii, Baba Mwinshehe, umeipata wapi?

Kwa Hashiru.

Si uongo. Nimeichukua kwa Hashiru. Sikusema tu nani aliipeleka.

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa anacheka.

Jumamosi, 20 Septemba

Simu kutoka Mzenga, kwao mke wangu. Rahma, mtoto wa dada yake Sikudhani, anaolewa Jumamosi ijayo. Bi Saburi, mama yao mdogo, kasema kinu kije.

Kumbe hakuna binti wa ukoo ule aliyeolewa bila viungo vya pilau kutwangwa humo. Majirani wakisikia shaba inalia, wanakuja kusaidia bila kuitwa. Siku ya harusi yetu ililia mpaka ng'ambo ya reli, anasema Sikudhani. Mimi nilikuwepo. Sikumbuki kusikia kitu. Nilikuwa nawaza viatu vinabana.

Nikasema kinu nitakipakia mwenyewe, asijisumbue. Kashukuru. Kashukuru!

Jumanne, 23 Septemba

Nimezunguka kwa wauza skrepa wote mpaka Mlandizi. Koki, vitasa. Shaba nene hakuna. Hashiru kachonga mchi kutoka kwenye bolti ya lori. Umbo lile lile, rangi ya wingu la mvua. Nikawaza kuupaka rangi ya dhahabu — rangi kwenye pilau! Akili kidogo bado ninayo. Ya kumwambia mke wangu ndiyo sina.

Nimeufunga kitambaa, nimeutia kinuni.

Jumamosi, 27 Septemba. Mzenga, asubuhi

Naandika nyuma ya nyumba, nimekalia gogo la kuni. Injini iko kwenye mfuko wangu. Nilikuja nayo kuwatambia mashemeji.

Sikudhani alikuwa ndani na bibi harusi. Wasichana ndio waliofungua kitambaa. Hawakujua kitu, wakaanza kutwanga. Ko. Ko. Ko. Kama mtu anagonga mlango wa choo.

Bi Saburi haoni tena. Akasema kutoka barazani: hebu acheni. Mnatwangia nini? Wakamjibu, kinu cha dada yako, bibi. Akatikisa kichwa. Kisha, bila hata hasira:

"Dada yangu hakuwa na sauti hiyo."

Hakuna jirani aliyekuja.

Sikudhani katoka na bolti mkononi. Nilikuwa na maneno. Nimeyapanga siku saba, yana hadi vituo. Hakuniuliza hata moja. Kautazama mfuko, kanitazama mimi, kachungulia ndani. Kaiona shaba. Kakipitisha kidole juu ya silinda, taratibu, kama anavyompangusa mtoto uso.

"Ngoja nimlete mama mdogo. Uiwashe, asikie."

Kaingia ndani. Wanakuja. Nasikia fimbo ya bibi inagonga sakafu.

Pampu nimeisahau Kibaha. Nina mdomo tu, na mdomo wenyewe umekauka —