Figo za Mbuzi wa Baba

Kinango, Jumapili baada ya ibada

Mdogo wangu Mramba,

Sisi huku tu wazima. Mvua imenyesha na yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kumbe palipoandikwa "viuno" katika Biblia yetu, Kiebrania kinasema kelayot, yaani figo, tena kwa wingi, na humo ndimo mtu anamoficha asilomwambia yeyote! Masomo ya uchungaji yamekukolea.

Lakini wewe mjanja. Umeniandikia kurasa mbili za figo za Waebrania, zako hukuzitaja. Mkeo Mercy ndiye aliyenipigia simu akilia: zote mbili zimekufa, na unasafishwa damu mara mbili kwa wiki.

Nilikununia siku nzima, kisha nikaenda kupimwa. Daktari anasema yangu inakufaa.

Usinibishie. Unakumbuka baba akichinja mbuzi? Figo moja yangu, moja yako. Yako ulikuwa ukiimeza upesi, kisha unaikodolea yangu macho mpaka nakukatia nusu.

Safari hii hatukati. Chukua nzima.

Ni mimi dada yako,
Mapenzi